Je, Sindano za Homoni ya Ukuaji Humwondolea Mtoto Mfupi Unyonge?

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, mstari wa asubuhi hupangwa kwa kimo. Walio wafupi husimama mbele, warefu nyuma, na wapo watoto wanaoanza darasa la kwanza wakiwa mbele kabisa na kumaliza la saba wakiwa papo hapo. Kizazi kilichotangulia kilikutana na kipimo kigumu zaidi. Kabla vyeti vya kuzaliwa havijaenea, mtoto aliyepelekwa kuandikishwa shule alitakiwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Aliyeshindwa alirudishwa nyumbani kusubiri mwaka mwingine, hata kama umri wake ulikuwa umetimia.

Lugha nayo haijawahurumia. Majina kama andunje, kijeba na mbilikimo hutumika uwanjani na mtaani kama mzaha, na mzazi anayeyasikia yakiitwa mwanawe hujiuliza kama ipo dawa ya kumwongezea mtoto sentimita chache ili aepukane na dhihaka. Swali hilo si la Afrika Mashariki pekee. Nchini Marekani liliulizwa kwa nguvu kiasi cha kufikishwa mbele ya mamlaka ya dawa, na jibu lililotolewa huko, pamoja na tafiti zilizolitangulia na kulifuata, lina mafunzo kwa mzazi yeyote anayefikiria hatua hiyo.

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na tezi ya pituitari, kiungo chenye ukubwa unaokaribia punje ya harage kilichopo chini ya ubongo. Homoni hiyo husafiri katika damu na kuliamuru ini na mifupa kufanya kazi ya kurefusha mwili. Mtoto ambaye tezi yake haitoi homoni ya kutosha hukua polepole mno, na asipotibiwa hubaki mfupi sana maisha yake yote. Hali hiyo ni adimu. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni mtoto 1 kati ya 4,000 hadi 10,000.

Kwa watoto wa kundi hilo, tiba ya kuwarudishia homoni wanayoikosa haina ubishi. Mfano unaofahamika zaidi duniani ni wa mchezaji Lionel Messi, aliyegunduliwa kuwa na upungufu huo akiwa mtoto mjini Rosario, Argentina, akawa anachomwa sindano miguuni kila usiku. Klabu ya Barcelona ilikubali kugharamia matibabu yake alipohamia Hispania akiwa na umri wa miaka 13. Leo ana kimo cha takriban sentimita 170. Habari yake hupendwa na kusimuliwa sana, lakini mara nyingi husimuliwa bila jambo moja la msingi, nalo ni kwamba Messi alikuwa mgonjwa aliyetibiwa ugonjwa wake. Hakuwa mtoto mzima wa afya aliyeongezewa urefu.

Tiba yenyewe ina historia yenye doa. Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Boston alitangaza kuwa amefanikiwa kumkuza kijana mwenye upungufu wa homoni kwa kutumia homoni iliyotolewa katika tezi za binadamu waliofariki. Homoni ya wanyama ilikuwa imeshindwa kufanya kazi kwa binadamu, hivyo kwa zaidi ya miaka 20 njia pekee ilikuwa kukusanya tezi kutoka kwa maiti. Upatikanaji wake ulikuwa mdogo na dawa iligawiwa kwa wenye uhitaji mkubwa tu. Mwaka 1985 iligundulika kuwa baadhi ya vijana waliotibiwa kwa homoni hiyo walikuwa wamepata ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa ubongo usio na tiba, uliobebwa ndani ya tezi za wafu. Marekani ilisimamisha ugawaji mara moja. Ufaransa, iliyoathirika zaidi, ilipoteza zaidi ya watu 100.

Mwaka huohuo, miezi michache baadaye, Marekani iliidhinisha homoni inayotengenezwa maabara kwa kutumia bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Hatari ya ugonjwa ule ikaondoka, na pamoja nayo uhaba. Dawa ambayo awali ilipimwa kama dhahabu sasa ingeweza kutengenezwa kwa kiasi chochote, na hapo ndipo swali lilipobadilika. Zamani madaktari waliulizana ni mgonjwa gani ana haki zaidi ya kupewa kidogo kilichopo. Sasa wakaanza kuulizana ni nani mwingine anayeweza kunufaika, wakiwemo watoto ambao vipimo vyao vyote ni vya kawaida lakini ni wafupi tu.

Julai 2003, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi ya homoni kwa watoto wa aina hiyo, yaani wenye ufupi usio na sababu inayojulikana. Kigezo kilichowekwa kilihusu takriban asilimia 1.2 ya watoto walio wafupi kuliko wote wa umri na jinsi yao. Kwa hesabu za watu wazima, ni wavulana wanaotarajiwa kuishia chini ya sentimita 160 hivi, na wasichana chini ya sentimita 150 hivi. Uingereza haikufuata njia hiyo. Mwongozo wa taasisi yake ya tathmini ya tiba uliotolewa mwaka 2010 unataja hali sita zinazostahili homoni kwa watoto, zikiwemo upungufu wa homoni yenyewe, hali ya Turner kwa wasichana, ugonjwa sugu wa figo na watoto waliozaliwa wadogo wakashindwa kuwafikia wenzao. Ufupi wa kawaida haumo.

Hoja iliyobeba uamuzi wa Marekani haikuwa afya ya mwili, kwa kuwa watoto hao hawaumwi. Ilikuwa kwamba ufupi huleta mateso ya nafsi: kudhihakiwa, kukosa marafiki, kujidharau, kushindwa masomo. Ni hoja inayoingia akilini kwa urahisi. Ugumu ulikuja watafiti walipokwenda kuipima.

Utafiti unaotajwa mara nyingi ulifanyika katika shule za magharibi mwa jimbo la New York na kuchapishwa mwaka 2004. David Sandberg na wenzake waliwashirikisha wanafunzi 956 wa darasa la sita hadi la kumi na mbili. Hawakuwaita watoto wafupi pembeni na kuwauliza kama wana huzuni. Waliwauliza wanafunzi wote kuhusu wenzao: nani rafiki yako, nani anapendwa, nani kiongozi, nani hutengwa. Kisha majibu yakalinganishwa na kimo cha kila mmoja. Ilionekana kuwa kimo hakina uhusiano wa maana na idadi ya marafiki, kupendwa au sifa ya mtoto miongoni mwa wenzake. Kitu kimoja kilijitokeza, kwamba wafupi walionekana na wenzao kuwa wadogo kuliko umri wao halisi.

Nchini Uingereza, mradi wa Wessex uliwafuatilia kwa miaka mingi watoto walioanza shule katikati ya miaka ya 1980 wakiwa chini ya watoto 3 wafupi kuliko wote kati ya 100, kila mmoja akilinganishwa na mwenzake wa kimo cha wastani. Uzito wa mradi huu upo katika namna watoto walivyopatikana. Tafiti za mwanzo zilizoonesha watoto wafupi kuwa wanyonge ziliwachukua kutoka kliniki za hospitali, yaani wale ambao wazazi wao tayari walikuwa na wasiwasi wa kutosha kuwapeleka kwa daktari. Wessex iliwachukua wote shuleni, wenye wasiwasi na wasio nao. Tofauti za kujithamini na tabia kati ya wafupi na wenzao zilikuwa ndogo au hazikuwepo kabisa, na hali ya uchumi wa familia ilieleza mengi kuliko kimo.

Lakini mradi huohuo una matokeo ambayo hayapaswi kufichwa. Watoto hao walipofikia ujana, wafupi walieleza kuonewa shuleni zaidi kuliko wenzao. Matokeo haya mawili yanaonekana kupingana, ila hayapingani. Dhihaka ipo na inauma siku inapotokea. Ambacho hakijathibitika ni kwamba inamwachia mtoto wa kawaida jeraha la kudumu, au kwamba huyo anayemchokoza ataacha pindi mlengwa atakapoongezeka sentimita nne.

Sentimita nne si mfano wa kubuni. Jaribio la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani liliwashirikisha watoto 68 wenye ufupi usio na sababu inayojulikana. Nusu walichomwa homoni na nusu walichomwa sindano isiyo na dawa, mara tatu kwa wiki kwa miaka kadhaa, bila wao wala madaktari wao kujua nani anapata nini. Waliopata homoni waliishia kuwa warefu kuliko wenzao kwa wastani wa sentimita 3.7. Majaribio mengine yaliyotumia dozi kubwa zaidi, kila siku, yalipata zaidi, hadi kufikia sentimita 7 hivi kwa baadhi ya makundi. Mtoto aliyetarajiwa kuwa na sentimita 157 anaweza kufika 161 au 163. Anaongezeka, lakini anabaki mfupi.

Jaribio hilo pia liliangalia hali ya nafsi, na matokeo yake yanafikirisha. Mwanzoni kabla ya sindano, watoto hao hawakuwa na matatizo ya kisaikolojia kuliko watoto wengine, ingawa wazazi wao walikuwa wamewaleta kwa sababu ya kimo. Baada ya miaka kadhaa, majibu ya watoto wenyewe kuhusu wanavyojiona hayakutofautiana kati ya waliopata homoni na waliochomwa sindano tupu. Dodoso za wazazi ndizo zilizoonesha dalili kidogo ya tabia kuboreka kwa waliopata homoni. Timu ya Wessex nayo, iliyowatibu baadhi ya watoto wake, haikuona faida ya kisaikolojia. Kwa haki, haikuona madhara pia.

Upande wa gharama ni mzito. Hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2006 ilikadiria kuwa kila inchi moja iliyoongezeka, sawa na sentimita 2.54, iligharimu dola 52,634. Kiasi hicho kinatokana na bei za Marekani na hakiwezi kuhamishwa moja kwa moja kwenda nchi nyingine, lakini kinatoa picha ya aina ya dawa inayozungumziwa. Hii si sindano moja ya kliniki. Mtoto huchomwa chini ya ngozi kila jioni kwa miaka minne hadi saba au zaidi, dawa inahitaji kuhifadhiwa kwenye jokofu, na vipimo vya damu na picha za mifupa hurudiwa. Siku za karibuni zimeidhinishwa aina za kuchoma mara moja kwa wiki, na bei yake haijawa nafuu. Madhara makubwa ni machache, lakini yapo: maumivu makali ya kichwa kutokana na shinikizo ndani ya fuvu, kuteleza kwa kichwa cha mfupa wa paja, kupinda zaidi kwa uti wa mgongo kwa mwenye tatizo hilo, na kupanda kwa sukari.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Mtoto anayechomwa sindano kila usiku kwa miaka mitano, na kupimwa ukutani kila mwezi nyumba nzima ikishusha pumzi, anafundishwa bila maneno kwamba kimo chake ni kasoro. Chama cha madaktari wa homoni za watoto cha Marekani, katika mwongozo kilioutoa mwaka 2016, kilishauri kuwa homoni isitolewe kama kawaida kwa kila mtoto mwenye ufupi usio na sababu. Uamuzi ufanywe kwa kumtazama mtoto mmoja mmoja, baada ya kupima mzigo alionao kimwili na kinafsi na kujadili hatari na faida.

Kwa wananchi wa Afrika Mashariki lipo jambo jingine la kutenganisha, na hapa ndipo upotoshaji hutokea zaidi. Watoto wengi wafupi katika ukanda huu hawana tatizo la homoni wala si wafupi kwa kurithi, wamedumaa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 nchini Tanzania ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wana udumavu, ikilinganishwa na asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16. Nchini Kenya kiwango cha 2022 kilikuwa asilimia 18. Udumavu hutokana na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, hasa katika siku 1,000 za mwanzo tangu mimba kutungwa, na unaweza kuathiri ubongo na kinga ya mwili pamoja na kimo. Sindano ya homoni si tiba yake. Kwa hiyo tafiti za New York na Wessex, zinazoonesha kuwa ufupi peke yake haumnyimi mtoto maendeleo, haziwezi kuchukuliwa kama ruhusa ya kupuuza udumavu.

Inafaa pia kuondoa dhana kwamba watoto wa Kiafrika ni wafupi kwa asili na hivyo viwango vya kimataifa haviwahusu. Vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Katika miaka mitano ya mwanzo watoto wa nchi hizo zote walikua kwa kasi inayokaribiana sana.

Mzazi anayetaka kujua kama kimo cha mwanawe kinahitaji uchunguzi anaweza kuanza na mambo mawili. La kwanza ni kimo cha wazazi. Chukua kimo cha baba na cha mama, jumlisha, ongeza 13 kwa mtoto wa kiume au punguza 13 kwa wa kike, kisha gawanya kwa mbili. Baba wa sentimita 166 na mama wa sentimita 151 wanaweza kutarajia mwana wa sentimita 165 na binti wa sentimita 152 hivi, na watoto wengi huishia ndani ya sentimita 8 hadi 10 juu au chini ya hapo. Mtoto mfupi wa wazazi wafupi, anayekula vizuri na kuongezeka kila mwaka, kwa kawaida ni mzima.

La pili, na ndilo lenye uzito zaidi, ni kasi. Mtoto huongezeka takriban sentimita 25 katika mwaka wa kwanza, 12 katika wa pili, na kuanzia miaka minne hadi balehe huongezeka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Anayeongezeka chini ya 4 anahitaji kuonwa na daktari, hata kama bado si mfupi kuliko wenzake. Kimo kilichopimwa mara moja hakisemi mengi. Vipimo viwili vilivyoandikwa kwa tarehe, vikipishana miezi sita au mwaka, husema zaidi. Bahati mbaya kadi ya kliniki huwekwa kabatini mtoto anapofikisha miaka mitano, na kuanzia hapo kipimo kinachobaki ni sare ya shule iliyokataa kupwaya.

Daktari kwa kawaida ataangalia lishe, upungufu wa damu, tezi ya shingo, figo, na magonjwa ya utumbo kabla ya kufikiria homoni ya ukuaji, na atapiga picha ya mkono wa kushoto kusoma umri wa mifupa. Mifupa iliyochelewa kukomaa mara nyingi ni habari njema, kwani humaanisha kuwa mtoto ni wa kuchelewa tu, atabalehe baada ya wenzake na kuendelea kurefuka wakati wao wameacha. Wataalamu wa fani hii katika kanda wamekuwa wakiongezeka tangu mwaka 2008, kilipoanzishwa Nairobi kituo cha kuwafundisha madaktari wa watoto elimu ya homoni.

Wasichana wanahitaji kutajwa peke yao. Uchunguzi wa rufaa nchini Marekani ulionesha kuwa kwa kila msichana mmoja aliyeletwa kwa ajili ya ufupi waliletwa wavulana wawili hivi, ilhali wasichana walioletwa ndio waliokutwa zaidi na ugonjwa halisi. Sababu inaeleweka: msichana mfupi huonekana jambo la kawaida, mvulana mfupi huonekana tatizo. Hali ya Turner, inayompata msichana 1 kati ya 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa, humwacha mtu mzima akiwa mfupi kuliko wenzake kwa takriban sentimita 20 asipotibiwa, na huambatana na matatizo ya moyo na kutobalehe. Hao ni watoto ambao homoni huwasaidia kweli, na mara nyingi hugundulika wakiwa wamechelewa.

Kuhusu vidonge, unga na matone yanayotangazwa mitandaoni kuwa huongeza urefu, maelezo ni mafupi. Homoni ya ukuaji ni protini. Ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama au maharage, ndiyo maana tangu 1958 hadi leo hutolewa kwa sindano. Aidha, hakuna dawa inayoweza kumrefusha mtu ambaye ncha za mifupa yake zimekwisha kufunga baada ya balehe. Dawa yoyote halali nchini Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na homoni hutolewa kwa cheti cha daktari pekee.

Kwa upande wa shule na nyumbani, lile tokeo dogo la New York, kwamba mtoto mfupi huonekana mdogo kuliko umri wake, ndilo linaloweza kufanyiwa kazi bila senti moja. Mwanafunzi wa miaka 12 mwenye umbo la miaka 9 huongeleshwa kama wa miaka 9, hubebewa mzigo wake, hapewi ukiranja, na akikosea husamehewa kosa ambalo mwenzake angeadhibiwa. Baada ya muda naye huanza kutenda kama wa miaka 9. Wanasaikolojia wanaoshughulika na watoto hawa huwashauri wazazi na walimu wampe mtoto kazi, uhuru na wajibu kulingana na miaka yake, wamfundishe maneno ya kujibu utani bila kupigana, na waushughulikie uonevu kama kosa la muonevu. Pale mtoto anapojitenga, anapokataa shule au kuacha kula kwa sababu ya kimo chake, ushauri nasaha huanza hapohapo, bila kusubiri majibu ya maabara.

Kwa familia ambayo daktari ameona inafaa kuanza homoni, mtoto hupimwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Kasi isipoongezeka kwa kiasi cha kuonekana katika mwaka wa kwanza, mwenendo wa kawaida wa madaktari ni kukagua kama sindano zinachomwa ipasavyo, kurekebisha dozi, na hali isipobadilika kuisitisha.